Kung'oa injeksheni na kufunga kabureta: nani atazifanya kazi za kompyuta?

*"Shikamoo fundi. Nina pikapu ya Toyota ya mwaka 1989, injini 22R-E, gia za mkono, nabebea mizigo kila siku. Asubuhi nikiwasha na kuiacha bila kukanyaga aksileta, mzunguko unapanda na kushuka wenyewe. Ikipata moto inatulia kidogo. Mlimani na mzigo inakosa nguvu kabisa, nikisimama nasikia harufu ya petroli, na ulaji wa mafuta umepanda. Mafundi wawili wameshabadilisha sensa, moja baada ya nyingine, sijaona nafuu. Wa tatu anasema nitupe injeksheni yote anifungie kabureta, kwamba kabureta haina kompyuta kwa hiyo haina shida, na mafuta yatapungua. Malipo atanipunguzia nikimwachia vifaa vya zamani. Je, inawezekana? Injini haitaharibika? Na mafuta yatapungua kweli?"*

Marahaba, kijana wangu. Inawezekana. 22R-E ina ndugu yake wa tumbo moja, 22R, ya lita 2.4 vilevile, iliyotoka kiwandani na kabureta. Mafuta hayatapungua. Kuhusu injini kuharibika, inategemea kama kazi itafanywa yote au nusu, na hizi kazi mara nyingi hufanywa nusu.

Ila naona swali lako limebeba mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Una gari linaloumwa, na una mtu anayependekeza kulikata mguu. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo fundi yeyote amepima kitu. Wamebadilisha, hawakupima. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kabureta, niruhusu nikueleze gari lako linafanya nini pale linapopanda na kushuka.

Injini haijui petroli imetoka kwenye injekta (kipulizio kinachoamriwa na kompyuta) au kwenye jeti (tundu dogo la petroli) ya kabureta. Inachotaka ni uwiano: kwa mwendo wa kawaida gramu 14.7 hivi za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na mlimani na mzigo mchanganyiko mzito zaidi, kama 12.5 au 13 kwa moja. Anayepima hewa kwenye 22R-E ni kile kisanduku cha alumini kilichoungana na chujio la hewa. Ndani kuna kibao chenye springi. Hewa ikipita inakisukuma, na kadiri kinavyofunguka ndivyo kompyuta inavyojua hewa kiasi gani imeingia, nayo inaamuru injekta zifunguke kwa muda unaolingana. Baada ya kibao, hewa inapita kwenye mpira mnene wenye mikunjo hadi kwenye kipepeo cha aksileta.

Mpira huo, kama haujawahi kubadilishwa, una umri wa gari. Raba ikizeeka inachanika ndani ya mikunjo, na aghalabu upande wa chini ambako jicho halifiki. Hewa inayopenya kwenye ufa haikupita kwenye kibao, kwa hiyo haikuhesabiwa, na petroli inatoka pungufu. Injini inalegea, inataka kuzima, inashika tena, inalegea. Hapo ndipo unaposikia mzunguko ukipanda na kushuka. Hakuna sensa hata moja iliyokufa, kwa hiyo unaweza kuzibadilisha zote na ugonjwa ukabaki palepale. Hiyo hewa mimi naiita hewa ya wizi.

Kesho asubuhi fanya jaribio moja lisilo na gharama. Injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye injini inayopima hewa kwa kibao, kufungua kifuniko hicho ni kuiingizia hewa ya wizi kwa makusudi kupitia tumbo la injini, kwa hiyo injini nzima itashtuka, itatetemeka, pengine izime. Ukifungua na isijali, basi tayari inavuta hewa mahali pengine. Hapo zima, ng'oa ule mpira, upeleke kwenye mwanga na uukunje kwa mikono miwili kama unayekamua nguo. Ufa wa urefu wa ukucha unatosha kukusumbua mwaka mzima. Baada ya mpira, fuata vimpira vyembamba vya vakyumu, yaani vya mvuto wa injini, kimoja kimoja, kisha gasketi ya manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda. Gasketi ipulizie maji kidogo injini ikizunguka. Mlio ukibadilika pale ulipopulizia, umempata mwizi.

Harufu ya petroli na ulaji mkubwa vinaelekea upande wa pili, yaani mchanganyiko mzito. Ndiyo maana nashuku una kasoro mbili kwa pamoja, moja inapunguza mafuta na nyingine inaongeza, na zinafichana. Ng'oa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regyuleta ya presha ya mafuta. Ukiuona umelowa petroli, kiwambo cha ndani kimetoboka na injini inakunywa kupitia mlango wa nyuma. Mtuhumiwa mwingine ni ile injekta ya tano, ya kuwashia asubuhi ya baridi. Ikivuja, inamwaga petroli saa zote. Wa tatu ni sensa ya joto la maji, na hapa naomba umakini: ziko mbili. Moja inapeleka habari kwenye geji ya dashibodi, nyingine kwenye kompyuta, na nimeona zaidi ya mara moja fundi akibadilisha ile ya geji na kutangaza kwamba "sensa ya joto ni mpya". Ile ya kompyuta inapimika kwa mita ya kawaida: injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 za joto, usome kati ya omu 2,000 na 3,000; ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Soketi yake ikishika kutu, ukinzani unaongezeka, kompyuta inadhani injini ina baridi siku nzima, nayo inaimwagia mafuta kama asubuhi.

Kukosa nguvu mlimani kuna orodha yake. Chujio la petroli kwenye injini hii limejificha chini ya manifodi, na kulifikia ni adha, kwa hiyo mafundi wengi huliruka. Lako limebadilishwa lini? Kataliti (kisafisha moshi) iliyoziba kwenye ekzosi nayo hufanya hivyohivyo. Kisha kuna mambo ambayo hayana habari na injeksheni kabisa: mwanya wa valvu (milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za kutoa, injini ikiwa ya moto), kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda, na mnyororo wa taimingi uliolegea. Haya yote utayahamisha salama salimini kwenda kwenye kabureta yako mpya. Huo mlima utaendelea kukushinda, safari hii ukiwa na mfuko mtupu.

Kuna na kompyuta yenyewe, ambayo watu wanaiogopa bure. Kwenye gari lako inazungumza bila mashine yoyote. Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Ukiunganisha kwa kipande cha waya matundu yaliyoandikwa TE1 (mengine yameandikwa T tu) na E1, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na injini haizunguki, taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza, na makonyezo yake ni namba za kasoro. Muunganisho huohuo, injini ikizunguka na ikiwa ya moto, ndio unaotumika kupima taimingi ya cheche, ambayo inatakiwa isome nyuzi 5 kabla ya pistoni kufika juu. Fundi anayetaka kuing'oa kompyuta kabla ya kuiuliza kitu, mimi ningemuuliza yeye kwanza.

Sasa tuseme umepima yote, na bado unaitaka kabureta. Fikiria kompyuta kama mfanyakazi mwenye ajira kadhaa. Ukimfukuza, kila ajira itafutiwe mtu.

Ajira ya kwanza ni kugawa petroli, na hiyo kabureta inaiweza, kwa namna yake. Kooni pake pana sehemu iliyobanwa. Hewa ikipita pale inaongeza kasi, presha inashuka, na petroli inavutwa kutoka kwenye kibakuli kupitia jeti. Tatizo ni kwamba mvuto huo ni dhaifu sana injini ikizunguka polepole, kwa hiyo kabureta imeongezewa njia nyingine ndogo ya petroli kwa ajili hiyo. Ukikanyaga ghafla hewa inatangulia na petroli inachelewa, basi kuna kipampu cha kurusha petroli. Asubuhi kuna choki. Mlimani kuna valvu ya nguvu. Huyo aliyekuambia kabureta haina shida hajakaa na moja iliyovunjwa vipande mezani. Ina ubongo vilevile, ila ubongo wake ni matundu, na tundu likiingia mchanga au likipanuliwa na waya wa fundi asiye na subira, hakuna taa ya kukukonyeza.

Ajira ya pili ndiyo inayosahauliwa: cheche. Kompyuta ya 22R-E ndiyo inayoamua cheche iruke mapema kiasi gani. Kwa sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa) iruke pistoni ikiwa karibu na juu, kwa kasi iruke mapema zaidi, na injini ikibanwa na mzigo irudi nyuma kidogo isigonge. Distribyuta yako, yaani kigawa cheche, haina namna ya kufanya hivyo peke yake. Ile ya 22R ina vyuma vya mzunguko ndani vinavyofunguka kasi ikipanda, na kiwambo cha vakyumu ubavuni. Mtu akikufungia kabureta akaacha distribyuta ya zamani, akaiunganisha kwa ujanja bila kompyuta, cheche itabaki mahali pamoja. Gari litawaka, litanguruma vizuri uani, utalipa. Barabarani halitakwenda, na ekzosi itapata moto kupita kiasi. Kwa hiyo distribyuta ya 22R ije pamoja na koili na igniter yake (kisanduku cha umeme kinachoiamuru koili), siyo kipande kimoja kimoja.

Ya tatu ni pampu. Injekta zako zinataka presha ya bar 2.5 hadi 3. Kabureta inataka kama robo ya bar, na ikifika nusu bar imezidi. Sindano inayofunga petroli kwenye kibakuli imeshikiliwa na boya jepesi, haiwezi kupigana na pampu ya injeksheni. Niliwahi kuletewa pikapu iliyobadilishwa hivyo, malalamiko yakiwa "oili inaongezeka". Nilichomoa kijiti, oili ikadondoka kama maji, na ukikileta puani ni petroli tupu. Pampu ya zamani ndani ya tangi ilikuwa imeachwa, petroli ikafurika kooni, ikateremka kwenye silinda, ikaosha oili ukutani na kuingia chini. Beringi zilikuwa zimekwisha. Na huyo alikuwa na bahati, maana petroli hiyohiyo ingeweza kumwagikia ekzosi.

22R asili hutumia pampu ya kimakanika iliyo mbele ya silinda hedi, inayosukumwa na kikamu (nundu) kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu. Injini yako haina kikamu hicho wala pampu. Vinatafutwa vyote viwili. Pampu ya umeme ndani ya tangi lazima itolewe na mahali pake pawekwe bomba tupu, vinginevyo inaziba njia. Ukichagua pampu ya umeme ya presha ndogo, lazima izimike injini ikizima. Hivi sasa kibao cha hewa ndicho kinachofanya kazi hiyo: hewa isipopita, pampu inakatika. Ukikitoa, weka swichi ya presha ya oili kwenye waya wa pampu. Ukiunganisha moja kwa moja na swichi ya ufunguo, siku gari likipinduka pampu itaendelea kumwaga petroli.

Kama lingekuwa na gia za otomatiki zinazotawaliwa kwa umeme kungekuwa na ajira ya nne, na hapo ningekuambia uache kabisa. Gia za mkono zimekuepusha.

Vingine vya kutafuta ni manifodi ya kuingizia ya 22R na chujio la hewa linaloendana nayo, na uunganisho wa aksileta. Manifodi ya injeksheni imetengenezwa kupitisha hewa kavu, kwa hiyo ukiweka kabureta juu yake kwa bati la kuchomelea petroli itatuama sakafuni. Manifodi ya kabureta hupashwa moto na maji ya injini ili petroli igeuke mvuke. Usikubali mipira hiyo izibwe "kupunguza mambo". Kabla ya kununua, chukua gasketi ya manifodi hiyo uiweke juu ya hedi yako, uone matundu na bolti zikilingana kwa macho yako, kwa sababu injini hizi zilibadilika katikati ya miaka ya 1980.

Usikubali pia kabureta kubwa kwa sababu ipo. Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya lita 2.4 inajaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika hiyo ni lita 6,000, na kwa kuwa haijazi kikamilifu, sema asilimia 85, inapumua lita 5,100 hivi kwa dakika. Kabureta ya V8, injini kubwa ya silinda nane, imekusudiwa hewa mara tatu ya hiyo. Ukiifunga, kasi ya hewa kooni inakuwa ndogo, mvuto unakufa, na gari linakaba kila ukikanyaga kutoka chini.

Nije kwenye mafuta. Injeksheni nzima, kama gari bado lina sensa ya oksijeni, inaonja moshi na kujisahihisha mara kwa mara. Ukishuka mlima na gia bila kukanyaga, inakata petroli kabisa. Kabureta haifanyi moja wala jingine. Jeti zake zimechaguliwa mara moja tu kukidhi hali zote. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, na kabureta iliyopimwa vizuri tambarare itakuwa nzito huko juu kwa takriban asilimia 10. Unaipimia jeti ndogo, ukishuka inakuwa kavu. Kwenye mteremko mkali wa porini petroli inaegemea upande mmoja wa kibakuli na injini inakohoa. Wanaokuambia walibadilisha na ulaji ukapungua wanasema kweli mara nyingi, ila walikuwa wanalinganisha kabureta mpya na injeksheni mbovu.

Na sheria: katika nchi nyingi kuondoa vifaa vya kusafisha moshi hakuruhusiwi. Marekani, kwa mfano, ni kosa kwa sheria ya shirikisho. Ulizia unakokaguliwa gari kabla hujafungua bolti.

Je, kuna wakati mimi ningefunga kabureta? Ndiyo. Nyaya zikiwa zimeungua au zimeliwa na panya kutoka kompyuta hadi injini, kompyuta haipatikani hata ya mkono wa pili, na pembeni kuna 22R nzima yenye kila kitu chake, kuanzia kabureta hadi igniter na pampu. Hapo ningehamisha seti nzima, au bora zaidi, injini nzima. Kwa gari lako kama ulivyolieleza, ningetumia siku moja kupima kabla ya yote hayo.

Upimaji mwingine usiufanye peke yako. Presha ya mafuta ipimwe na fundi mwenye geji yake, kwa sababu bomba la bar 3 ukilifungua bila kutoa presha linarusha petroli usoni. Kompresheni pia, na nyaya za ethi kutoka injini kwenda bodi, akiwa na mita. Ukifikia kufunga kabureta, mtu mwenye mashine ya kuonja moshi akuchagulie jeti, siyo sikio. Na usiliendeshe kabisa ukisikia harufu ya petroli ndani ya kabini, oili ikipanda kwenye kijiti, au injini ikigonga mlimani; livutwe.

Kuhusu kumwachia vifaa vya zamani ili akupunguzie: kisanduku cha kibao cha hewa, kompyuta, injekta na nyaya zake, vikiwa vizima, vina mnunuzi, na yeye anamjua. Hata ukikubali kubadilisha, vitoe bila kukata waya hata mmoja, kila soketi ifungwe kikaratasi chenye jina lake, uviweke kwenye boksi pakavu nyumbani kwako. Kama hiyo kabureta haitakupandisha mlima, utavihitaji.